Inajuaje Kama Tumelipa?

Wengi wanaoandika kuhusu watoto na vifaa vya intaneti huanzia kwenye sebule ya mwenye nazo: spika inayojibu maswali, friji yenye kioo, taa inayowaka ukiiamuru. Mimi naanzia Muheza, mkoani Tanga, Tanzania, kwa mama yangu, kwenye nyumba ambayo kwa miaka mingi nguzo ya umeme iliishia kijiji cha jirani. Huko ndiko mwanangu wa kwanza alikokutana na mashine yenye mawasiliano na mtu asiyeonekana.

Ilikuwa sola ya mkopo. Paneli juu ya bati, kisanduku ukutani, balbu tatu, redio ndogo na waya wa kuchajia simu. Unatoa kianzio, halafu unalipa kidogo kidogo kwa simu mpaka deni liishe. Usipolipa, kisanduku kinajifunga. Jua litachoma kutwa, betri itajaa pomoni, na bado mtakula gizani. Biashara hii ilishika kasi Afrika Mashariki kuanzia mwaka 2012, pale M-KOPA ilipoanza kuuza Kenya, na kampuni nyingine zikafuata huku kwetu. Ya mama yangu sisemi ni ya nani. Ndani ya visanduku vingi vya aina hii mna laini ya simu, sawa na ya kwako na ya kwangu. Amri inatoka makao makuu: huyu amelipa, fungua, yule hajalipa, funga.

Mwanangu alikuwa na miaka mitano. Magharibi ilikuwa imeshapita, nyumba nyeusi tii, bibi yake akatuma hela kwa simu kisha akakaa kwenye kigoda akisubiri. Taa zikawaka. Mtoto akakisogelea kile kisanduku, akakikagua kwa chini, akakikagua kwa ubavuni, akaweka sikio.

"Bibi, kimejuaje kama umelipa?"

Mama yangu aliishia darasa la saba. Akamjibu bila kugeuza shingo: "Kina bosi wake mjini. Mimi nimemlipa bosi, bosi amekipigia simu."

Nimesoma maelezo mengi ya jinsi vifaa hivi vinavyofanya kazi, mengine ya watu wenye shahada tatu. Kwa mtoto wa miaka mitano sijaona jibu lililolizidi hilo. Lina kila kitu: kifaa hakijui chenyewe, kuna mtu mahali pengine, kuna mawasiliano, na kuna hela. Hasa hela.

Wataalamu wa watoto wao walianza na swali jingine kabisa. Mwanasaikolojia Jean Piaget, mwaka 1926, alichapisha mahojiano yake na watoto wa Uswisi aliowauliza kama jua ni hai, kama mto ni hai, kama baiskeli ni hai. Wadogo sana walisema chochote kinachofanya kazi kina uhai. Wakikua kidogo, wakasema kinachotembea. Wakikua tena, kinachotembea chenyewe bila kusukumwa. Mwisho wakabaki na wanyama na mimea. Mwenendo ni kifaa cha kupimia uhai, na kwa dunia ya mawe, mito na baiskeli kipimo hicho kilitosha.

Kisha zikaja mashine zisizotembea lakini zinajibu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Sherry Turkle wa chuo cha MIT, Marekani, aliwakuta watoto wakigombana juu ya Merlin, mchezo wa betri uliotoka 1978, kitu chenye umbo la mkono wa simu ya mezani kilichoweza kukufunga kwenye mchezo wa duara na msalaba. Ugomvi wao haukuwa kama kinatembea. Walibishana kama kinadanganya. Mmoja anasema kinadanganya, mwingine anasema hakiwezi kudanganya kwa sababu hakijui kinachofanya, na mdanganyifu lazima ajue kwamba anadanganya. Hapo nilisimama nikacheka, kwa sababu nimewahi kuona mabishano ya wakubwa, tena kwenye vikao vya heshima, yasiyofika hata robo ya hayo.

Mwaka 2012 Peter Kahn na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington wakasogeza mambo mbele. Waliwakutanisha watoto 90, wa miaka 9, 12 na 15, na roboti aitwaye Robovie. Wakacheza naye, wakaongea naye, wakazoeana. Halafu akaingia mtafiti, akaukatiza mchezo na kumwamuru Robovie aende akakae kabatini. Roboti akalalamika kwamba si haki, na kwamba anaogopa giza. Watoto walipoulizwa baadaye, wengi walisema Robovie ana akili na ana hisia, na kwamba haifai kumwumiza. Kumpa haki za raia hawakuona haja, lakini kumfungia gizani kuliwasumbua.

Sasa kuna jambo moja ambalo ukisoma kwa haraka linakupita. Robovie hakuwa akiongea mwenyewe. Kwenye chumba kingine alikaa mtu akimwendesha kwa siri. Wataalamu wanauita utaratibu huo wa kawaida, na kwa swali walilokuwa nalo sina ugomvi nao. Lakini nilipofika hapo nilimfikiria mama yangu na kigoda chake. Angeuliza swali moja tu: bosi wake yuko wapi?

Tangu hapo nimekuwa na msimamo ambao baadhi ya marafiki zangu walimu wanauona wa kibishi. Tumetumia muda mwingi mno kuwauliza watoto kama kifaa ni hai, kama kina akili, kama ni rafiki. Mtoto atajibu vyovyote, na kesho atabadilisha jibu. Kitakachomsaidia ni kujua nani yuko upande wa pili na anataka nini. Na hapo mtoto aliyekulia kwenye nyumba ya sola ya mkopo amemtangulia mwenzake wa Ulaya kwa mbali, si kwa sababu ana akili zaidi, bali kwa sababu kifaa chake hakikumficha kitu. Kilimzimia taa.

Mdogo wangu anaishi Leicester, Uingereza, na ana binti wa miaka saba. Kwao spika ya Alexa, ile inayojibu maswali, ipo jikoni, na mtoto anaiaga akienda kulala. Siku moja tulikuwa kwenye simu ya video, mimi na mama yangu upande huu, wao upande ule, mtoto akaiuliza spika hali ya hewa na sauti ya mwanamke ikajibu. Mama yangu akasogeza uso kwenye simu.

"Nani huyo?"

"Alexa, bibi."

"Ni nani wenu?"

"Anakaa kwenye spika."

"Ametusikia tunavyoongea hapa?"

"Hapana bibi, hasikii mpaka nimwite."

Mama yangu akanyamaza kidogo. "Sasa kama hasikii, anasikiaje ukimwita?"

Mtoto akamtazama baba yake. Baba yake akatazama sufuria.

Jibu lipo, na si gumu. Kipaza sauti cha spika ile kiko wazi muda wote. Kifaa chenyewe kinashika vipande vifupi vya sauti na kuvilinganisha na jina lake, na vikishindwa kufanana vinafutwa. Likisikika jina, au kitu kinachofanana na jina, ndipo sauti inayofuata inasafirishwa hadi kwenye seva, yaani kompyuta za mbali, za Amazon, kampuni yenye Alexa; huko ndiko inakofanyiwa kazi, na jibu linarudi. Kwa hiyo anayekaa kwenye spika ni kama bawabu tu. Alexa mwenyewe hakai pale. Januari 2017 mtangazaji wa televisheni wa San Diego, Marekani, alipokuwa akisimulia kisa cha mtoto wa miaka sita aliyeagiza nyumba ya mwanasesere kupitia spika ya kwao, maneno yake yakasikika kwenye spika za watazamaji, na watu wakalalamika kwamba nazo zimejaribu kuagiza. Bawabu hajui sauti ya nani. Anajua jina.

Watoto wenyewe si wajinga. Stefania Druga na wenzake wa MIT, mwaka 2017, waliwaweka watoto 26 wa miaka 3 hadi 10 na vifaa vya kuongea pamoja na roboti mdogo. Wengi waliviona vya kirafiki na vya kuaminika, lakini walivichunguza pia kwa maswali ya kila namna, hadi mmoja akauliza kama inaruhusiwa akile. Hilo ni swali la maana. Ukitaka kujua kama kitu kina nafsi, kiulize kama kinakubali kuliwa.

Kinachowashinda ni kwamba sauti ni moja lakini wasemaji ni wengi. Desemba 2021 huko huko Marekani, mtoto wa miaka kumi aliiomba Alexa impe kitu cha kujaribu. Ikamwambia achomeke chaja nusu kwenye soketi, kisha aguse na sarafu vile vyuma vinavyobaki nje. Mama yake alikuwepo, akawahi kuingilia, na Amazon ikasema imerekebisha. Maneno yale yalichukuliwa kutoka ukurasa fulani kwenye intaneti, yakasomwa kwa sauti ile ile ya upole inayomwambia kila asubuhi kama mvua itanyesha. Mtoto angejuaje kwamba sasa hivi anayeongea si yule wa hali ya hewa? Sisi tuliokua tukisikiliza Radio Tanzania tulikuwa na nafuu. Nilipokuwa mdogo niliamini kabisa kuna watu ndani ya redio ya babu, na matangazo ya vifo yalinitisha kwa sababu sikuelewa watu hao wadogo wamejuaje kwamba mjomba wa jirani amefariki Korogwe. Lakini walau kila msomaji alijitaja jina.

Kuhusu wanasesere wanaoongea sitakaa sana, maana kwetu hawakuenea. Ujerumani mwaka 2017 mamlaka ya mawasiliano ilimpiga marufuku mwanasesere aitwaye Cayla, ikamhesabu kuwa kifaa cha kunasa sauti kwa siri, na wazazi wakaambiwa wamharibu. Mtu yeyote mwenye simu aliyesimama karibu na nyumba angeweza kujiunga naye kwa Bluetooth bila kuulizwa neno la siri. Mwaka huo huo ilibainika kuwa rekodi zaidi ya milioni mbili za sauti za watoto na wazazi wao, zilizotumwa kupitia midoli ya CloudPets, zilikuwa mahali ambapo mtu asiyehusika angeweza kuzifikia. Na mwezi Mei 2023 Amazon ilikubali kulipa dola milioni 25 huko Marekani baada ya serikali kuishitaki kwamba ilihifadhi sauti za watoto isivyo halali, hata pale wazazi walipoomba zifutwe. Kwa hiyo bibi wa Muheza aliyeuliza anasikiaje alikuwa anauliza swali la dola milioni 25.

Turudi nyumbani. Sisi tunakaa Kimara, Dar es Salaam, na kwetu kazi ya kuingiza umeme ni ya mwanangu mkubwa. Umeme ukikaribia kuisha mita inalia, mimi nanunua kwa simu, inakuja meseji ya tarakimu 20, na yeye anapanda kwenye stuli kuzibonyeza. Kwa muda mrefu alikuwa ameihamishia LUKU falsafa ya bibi yake: bosi wa TANESCO, shirika la umeme, amelipwa, bosi ameipigia mita simu. Nikamwuliza, sasa kama ameshaipigia, wewe unabonyeza namba za nini?

Hilo swali lilimkaa. Ninavyomjua, alirudi nalo baada ya siku kadhaa akiwa ameshafanya majaribio yake, moja likiwa ni kubonyeza namba za umeme wa jirani. Mita ikakataa. Akabonyeza tena namba zetu za mwezi uliopita. Ikakataa. "Mama, hii inakumbuka," akasema, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyemkamata mwizi.

Kweli inakumbuka, lakini mita ya kawaida ya namna yetu haiongei na mtu yeyote. Haina laini. Ujumbe wote umo ndani ya zile tarakimu: uniti ngapi, zimetolewa lini, na vyote vimefungwa kwa ufunguo wa mita hiyo peke yake. Ni barua iliyofungwa kwa lakiri, na mwenye kisu cha kuifungulia ni mmoja. Wewe unayebonyeza ndiye mtandao wenyewe. Wewe ndiye waya kati ya TANESCO na ukuta wako.

Mwaka 2024 jambo hili lilijitokeza hadharani na sidhani kama wengi walitambua walichokuwa wanakifanya. Mnakumbuka tulivyotumiwa makundi matatu ya tarakimu 20, jumla 60, tukaambiwa tuyaingize kwa mpangilio la sivyo mita itaacha kupokea umeme? Watu mtaani walisema mengi, pamoja na kwamba tunaibiwa. Sababu yenyewe ilikuwa hesabu. Mfumo unaotumiwa na mita hizi duniani kote unazigonga tokeni muhuri wa muda kwa kuhesabu dakika tangu tarehe 1 Januari 1993. Nafasi iliyotengwa kwa hesabu hiyo inatosha dakika milioni 16 na laki saba na ushee, na dakika hizo zilikuwa zinakwisha tarehe 24 Novemba 2024. Zile tarakimu za ziada ziliifanya mita ianze hesabu upya kwa ufunguo mpya. Mwanangu alizibonyeza zote 60 bila kukosea, kisha akaenda kuwatangazia wenzake kwamba ameizuia dunia isiishiwe dakika. Nilimwacha.

Kinachonishangaza hapa ni hiki. Kisanduku cha bibi na mita yetu, kwa macho ya mtoto, ni ndugu. Vyote viko ukutani, vyote vina taa ndogo, vyote vinataka hela, ukilipa vinafungua na usipolipa vinafunga. Ukitumia kipimo cha mwenendo, alichotumia Piaget na watoto wake, havitofautiani. Kumbe kimoja kinazungumza na mjini kila wakati na kingine hakijawahi kutamka neno. Kukiangalia hakukwambii. Kucheza nacho hakukwambii. Lazima uulize, na uulize kwa kila kimoja peke yake.

Na hapo ndipo elimu ya sola ya mkopo nayo ina kasoro. Mama yangu alijua vizuri kwamba bosi anakipigia simu kisanduku. Hakujua kwamba kisanduku nacho kinampigia bosi. Nilimweleza kwamba visanduku vyenye laini hupeleka habari pia, betri ina chaji kiasi gani, umeme umetumika kiasi gani. Akaacha kuchambua mchicha.

"Kumbe kinasema?"

"Kinasema, mama."

"Na vile ninavyomchajia simu jirani, kinasema?"

Nikamwambia kwamba jina la jirani hakijui, lakini umeme uliotoka kinaujua. Akaguna, akaendelea na mchicha wake. Baadaye nilimsikia akimwambia jirani aje kuchaji mchana.

Watoto wetu wamejifunza upande wa hela wakaujua kama kiganja cha mkono. Wanajua bando limeisha. Wanajua simu za mkopo hujifunga ukichelewesha marejesho. Binti yangu mdogo, aliyekuwa na miaka minne, aliwahi kuishika simu ya dada wa kazi iliyokuwa imefungwa kwa deni, akaiambia "samahani" mara nyingi kwa sauti ya upole kabisa, akingoja imsamehe. Upande wa habari zinazotoka hawaujui, kwa sababu habari zikitoka hakuna taa inayozimika.

Kwenye hilo nina kamera ya kuelezea. Wenye watoto wadogo na kazi za mjini mnaijua: kamera ndogo nyeupe yenye kichwa cha duara kinachozunguka, niliinunua Kariakoo kwa elfu hamsini na tano, ikakaa juu ya kabati la sebuleni. Unaifungua kwenye simu ukiwa ofisini, unaona mtoto anafanya nini, na ukitaka unaongea naye. Kila mtu anajua kwamba haimwangalii mtoto tu. Inamwangalia dada.

Binti yangu, ambaye sasa ana miaka sita, aliisoma kamera hiyo haraka kuliko mimi nilivyosoma maelekezo yake. Mwanzo alidhani kamera ni mimi. Saa tisa alasiri anasimama mbele yake mikono nyuma, anatoa taarifa: nimekula, nimelala, kaka kaninyang'anya rangi, njoo na chipsi. Kisha akagundua kwamba sijibu kila mara. Akaanza kuchunguza. Akaona kwamba siku nikiwa naangalia kweli, kile kichwa hugeuka kidogo, kwa sababu mimi huku nakivuta kwenye kioo cha simu nione pembeni. Basi akajua dalili. Kichwa kikitulia, mama hayupo. Kikigeuka, mama amekuja. Halafu akapima: anapanda juu ya meza, jambo ambalo kwetu ni kosa la jinai, anakaa pale akiiangalia kamera, anasubiri. Nisipopiga simu, anahitimisha kwamba leo yuko huru. Hii ni sayansi. Ina nadharia, ina jaribio, ina matokeo.

Lakini alijenga juu yake kitu ambacho sikukipenda. Dada akimkataza jambo, anamjibu, "Nitasema kwa kamera." Na dada, binti wa miaka ishirini na kitu kutoka Kilosa, alianza kuitupia kanga mchana anapojinyoosha. Siku moja akaniambia, akiwa ananawa vyombo na hakuniangalia: "Mama, huyu mtoto siku hizi anaongea na kabati kuliko anavyoongea na mimi."

Picha zenyewe zinakwenda wapi? Kwenye boksi hamna anwani. Programu yake kwenye simu ina masharti marefu niliyoyasoma mpaka macho yakauma, na la maana nililolipata ni kwamba picha hupitia seva za kampuni iliyo nchi nyingine. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kufanya kazi Mei 2023, na tume yake ipo. Kenya wana yao ya 2019, na mwaka 2023 kamishna wao aliitoza shule moja zaidi ya shilingi milioni nne na nusu za Kenya kwa kuweka picha za wanafunzi mtandaoni bila ridhaa ya wazazi. Ninaziheshimu sheria hizo, ila shule ina geti la kugonga. Kampuni isiyo na anwani kwenye boksi utaigonga wapi? Mwaka 2014 ilijulikana kwamba kuna tovuti inayoonyesha maelfu ya kamera za watu duniani, majumbani na madukani, kwa sababu tu wenyewe hawakubadilisha neno la siri la kiwandani. Langu nililibadilisha siku ya kwanza. Majirani niliowauliza walinijibu, "Kwani lina neno la siri?"

Jumamosi moja nikawaita watoto wote wawili, na dada naye akaja kusimama mlangoni. Nikawaambia nazima ruta na data za simu zote. Kabla sijazima, kila mmoja aseme kipi kitaendelea kufanya kazi na kipi kitakufa. Ukiwa na watoto nyumbani, fanya hivi. Utajua wanachofikiri kuliko ukiwauliza kwa maneno.

Mdogo akasema LUKU itazima, kwa sababu bando ndilo linaloleta umeme. Redio itazima. Kikokotoo kitazima, kwa sababu kinajua majibu, na majibu yanatoka kwenye intaneti. Hilo la kikokotoo lilinipendeza sana; ukitafakari, si kosa la kijinga. Tochi ya simu akasema itawaka, "kwa sababu tochi ni ya kwetu." Mkubwa akamcheka, akaokoa LUKU, redio na kikokotoo, akaiua YouTube, akaiua kamera. Kuhusu picha zilizoko kwenye simu yangu walibishana: mmoja anasema zipo ndani, mwingine anasema zikionekana bila bando ni bahati. Dada naye akatoa lake. Kamera haitakufa.

Nikazima. Redio ikaendelea na taarabu yake. Kikokotoo kikajumlisha, binti yangu akakiangalia kwa heshima mpya. YouTube ikazunguka duara mpaka ikakata tamaa. Kwenye simu yangu kamera ikaandika kwamba haipatikani, na mkubwa akapiga kofi la ushindi.

"Bado inawaka taa," dada akasema.

Na kweli taa yake ilikuwa inawaka. Tukangoja kidogo, nikaichomoa, nikatoa memori kadi nikaiweka kwenye kompyuta. Tulikuwa humo sote, tumekusanyika mbele ya ruta iliyozimwa, mimi nikionyesha kidole, dada amesimama mlangoni na kanga yake begani, tunabishana kuhusu kikokotoo.

Mwanangu akaitazama ile video mpaka mwisho. "Kwa hiyo ulikuwa huioni, lakini yenyewe ilikuwa inaandika."

"Ndiyo."

"Inamwandikia nani?"

Nikamwambia kwamba inaiandikia kadi, na mwenye kadi ndiye anayesoma, awe mimi au mwizi aliyeiba kamera. Intaneti ikirudi, inapeleka pia kwa kampuni, na huko nani anaangalia siwezi kumhakikishia. Akauliza kama bibi yao wa Muheza anajua kuhusu kadi. Dada yeye hakuuliza kitu kuhusu kampuni wala intaneti. Aliuliza kama video za mwezi mzima zimo humo, na kama baba wa watoto huwa anazifungua.

Tulikaa naye jioni, watoto wakiwa wamelala, tukafuta pamoja yaliyokuwemo. Kamera nimeihamishia barazani, inaangalia geti na pikipiki ya shemeji yangu. Neno la siri jipya amelichagua dada, limo kwenye simu yake na kwenye yangu, na programu ameshaijua vizuri kuliko mimi. Binti yangu amelalamika kwamba sasa hana wa kumpelekea taarifa saa tisa. Nimemwambia ampe dada simu, wanipigie.